Kiti cha Kushoto

Courcelotte, karibu na Langres, Ufaransa
11 Januari 2023

Mdogo wangu Clifford,

Salamu kwako na kwa wifi yangu Noreen. Natumaini baridi ya Skipton haijawamaliza. Huku theluji imelala tangu Jumapili na kuku wangu wamegoma kutoka bandani. Mimi sijambo, kikohozi tu cha msimu. Jirani yangu Odile ananiletea kuni na umbea kila asubuhi, na vyote viwili vinanipasha moto. Ningekupigia simu, lakini simu na masikio yangu haya vimeshaachana, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Kadi yenu ya Krismasi imefika jana, Krismasi yenyewe imeshasahaulika. Tangu nchi yetu ijitoe Umoja wa Ulaya, bahasha inazungushwa kana kwamba imebeba magendo. Nimeifurahia. Lakini nimeigeuza mbele na nyuma, nimeisogeza mpaka dirishani, sikuuona mstari wa Noreen. Tangu niolewe na Gaston, Mungu amrehemu, nikahamia huku, hujawahi kunitumia barua ambayo wifi yangu hakuongeza mstari wake chini kwa ile kalamu ya kijani, ama kunichokoza mimi ama kukusema wewe. Kulikoni? Amenuna? Mwambie nimeukosa ulimi wake.

Sasa la maana. Nataka mje Mei. Mlikuwa mnakuja kila Mei, na sasa mmeruka mara tatu. Mara mbili dunia nzima ilikuwa imefungiwa ndani, sina neno. Mwaka jana ukaniambia gari bovu. Naamini limeshapona. Msije kwa ndege. Nataka kuliona lile gari lenu la bluu linaingia getini kwangu, limejaa majani ya chai na keki ya shayiri na tangawizi, na Noreen anashuka upande wake huku analalamikia breki zako.

Na msingoje kiangazi. Nimesema Mei.

Ni mimi dada yako,
Audrey


Skipton, Yorkshire, Uingereza
8 Februari 2023

Dada,

Barua yako nimeipata, asante. Pole kwa kikohozi. Chemsha tangawizi uache ubishi. Sisi wazima. Mto umejaa hadi ukingoni na uwanja wa bustani umegeuka uji. Binti yetu Lorraine amepata kazi nyingine hukohuko Leeds, anakuja Jumapili, anakula, anatukagua kama mkaguzi wa shule, anaondoka. Noreen mzima. Anakusalimu sana.

Kuhusu Mei, si kwamba hatutaki kuja. Lakini kuendesha gari huko kwenu kumekuwa mtihani. Pasipoti lazima igongwe muhuri na Wafaransa palepale Dover, na foleni yake wakati mwingine inapanda mlima. Ile stika yetu ya jina la nchi, GB, haitakiwi tena, sasa inatakiwa ya UK. Taa za mbele zibandikwe vipande vya kuziba, maana zinamulika kushoto na zitawapofusha wanaokuja. Fulana za kung'aa ziwe ndani ya gari karibu na mkono, siyo kwenye buti. Pembetatu nyekundu, karatasi za bima, kadi ya gari, na mikoba ikaguliwe kwa sababu sandwichi ya nyama hairuhusiwi kuvuka bahari. Noreen hajawahi kuvuka bahari bila sandwichi ya nyama.

Halafu mzee mmoja hapa klabuni anasema iko barabara huko imeondolewa vizuizi vya ushuru kabisa. Unapita tu, kamera inakupiga picha, na usipolipa kwenye mtandao upesi, faini inakufuata hadi nyumbani. Mimi na mtandao unatujua. Nimeendesha basi la Skipton hadi Keighley maisha yangu yote ya kazi sijaparuza hata kioo cha pembeni, sitaki kuitwa mhalifu uzeeni.

Tuangalie Septemba, au mwakani. Noreen ameongeza mstari wake hapa chini, usije ukasema amenuna.

Mdogo wako,
Clifford

*Wifi, salamu nyingi. Clifford ni dereva mzuri sana ila mwaka huu tumechoka kidogo. Tutakuja mwakani Mungu akipenda. Noreen.*


Courcelotte
22 Februari 2023

Clifford,

Salamu. Theluji imeyeyuka, kuku wametoka, kikohozi kipo palepale. Odile amegombana na mwenye duka la mkate na sasa mimi ndiye ninayetumwa mkate wake, mzee mzima.

Nimesoma orodha ya vitisho vyako nikacheka hadi nikashika ubavu. Muhuri wa pasipoti ni muhuri tu, hauumi. Stika inauzwa dukani. Vipande vya taa mlikuwa mnavibandika kila mwaka, na kila mwaka ulikuwa unavibandika upande siko hadi Noreen anavibandua na kuvibandika upya. Hiyo barabara isiyo na vizuizi iko kusini kabisa, wewe huigusi. Njia yako ni ileile: Calais, Reims, Troyes, Langres. Vizuizi vyote vipo, mashine zote zipo, na bei imepanda kama kila kitu. Na sandwichi tieni yai.

Nimemaliza na vitisho. Nije kwenye huo mstari wa kijani.

Clifford, Noreen hajawahi kutamka neno jema juu ya uendeshaji wako tangu siku aliyokujua. Siku ya harusi yenu alininong'oneza mlangoni mwa kanisa kwamba angewahi zaidi kwa miguu. Hata mwaka ule ulipoendesha kutoka Calais hadi kwangu kwenye mvua na ukungu bila kukosea kona moja, alichoandika kwenye barua ya shukrani ni kwamba ulikuwa unapiga mluzi njia nzima na karibu akutupe nje. Kwa hiyo mtu aliyeandika kwamba wewe ni dereva mzuri sana ni wewe mwenyewe. Umeketi mezani, umechukua kalamu ya mke wako, ukajisifu.

Sijakasirika. Nina hofu. Niambie Noreen yuko wapi.

Audrey


Skipton
20 Machi 2023

Dada yangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilianza barua hii nikaichana, nikaanza tena. Lorraine hajambo. Mto umeshuka. Maua ya njano yametoka ukutani kwa jirani.

Noreen yupo. Ninapoandika hivi namwona kupitia dirisha la jikoni. Amekaa kwenye gari.

Ilianza kabla ya mwaka jana. Kwanza birika likachomekwa bila maji. Kisha akaanza kumwita Lorraine kwa jina la mama yake mzazi. Daktari akampima, akamwuliza tuko mwaka gani, yeye akataja mwaka tuliooana. Sasa zipo nguo anazoshindwa kuvaa na yapo majina yanayompita. Mimi ananijua siku nyingi, siyo zote. Kuandika hawezi tena. Sikukwambia kwa sababu nilijua nikishaandika itakuwa kweli, na wewe ndiye mtu pekee ambaye kwake Noreen alikuwa bado mzima.

Kila siku tukishakunywa chai ya saa kumi anachukua mkoba wake, anavaa koti, anatoka. Anafungua mlango wa gari upande wake, kiti cha kushoto, anafunga mkanda, anasubiri. Nikienda kukaa kwenye usukani ananiuliza, "Tunaenda lini kwa Audrey?" Namwambia Mei. Ananiuliza Mei imefika? Namwambia bado. Anatulia. Tunakaa pale tunatazama mlango wa gereji hadi baridi itufukuze. Gari si bovu, Dada. Halijawahi kuwa bovu.

Sasa utasema basi mlete. Ngoja nikueleze, unajua lakini ngoja niseme. Mashine za ushuru huko zimewekewa Wafaransa, na Mfaransa usukani wake uko kushoto. Wangu uko kulia. Kwa hiyo tangu safari ya kwanza mwenye kushusha kioo, kuvuta tiketi, kuichomeka nyuma ya kivuli cha jua, na mwishoni kulipa na kuishukuru mashine kwa Kifaransa, ni Noreen. Mimi nitafanyaje? Nishuke, nizunguke gari zima mvuani, huku nyuma wananipigia honi?

Hilo dogo. Kubwa ni malori. Nikiwa kulia mwa gari na gari liko kulia mwa barabara, sioni kilichoko mbele ya lori. Anayeona ni Noreen. Alikuwa anaegemeza kichwa dirishani anasema bado, bado, halafu anasema nyeupe, yaani barabara tupu, na mimi nakanyaga mafuta. Katika maisha yangu sijawahi kumwamini mtu hivyo. Hata padri.

Na umesahau mwaka ule nje ya duka la mkate kijijini kwenu? Asubuhi, barabara tupu, jua zuri, nikatoka nikashika kushoto kama niko Skipton. Dereva wa basi mimi. Lori la maziwa likatokea kwenye kona. Noreen ndiye aliyekamata usukani. Tangu siku hiyo, kila tulipoondoka mahali popote alisema "Kulia, Cliff," hata kama hatujawasha injini.

Nani ataniambia kulia sasa? Naogopa. Nimesema, basi. Naogopa kumuua mke wangu kwenye barabara tuliyoipenda.

Lorraine anataka mama yake apelekwe kwenye nyumba ya kutunzia wazee baada ya kiangazi. Mimi sijasema ndiyo.

Clifford


Courcelotte
30 Machi 2023

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikalia. Odile alinikuta hivyo akadhani kuku wamekufa. Nikamwambia ni wifi yangu, ule ulimi wake umekwenda, akakaa na yeye akalia, na Kiingereza hajui hata neno.

Sitakupa pole ndefu, hatukulelewa hivyo. Lakini ningekuwa karibu ningekuja kukaa kiti cha nyuma cha hilo gari, tungeutazama mlango wa gereji sote watatu.

Sasa nisikilize mimi ndiye mkubwa. Ndani ya bahasha hii kuna kisanduku cheupe, kidogo kama sabuni ya hotelini. Ni cha kulipia ushuru wa barabara, nimekichukua kwa jina langu. Kibandike kwenye kioo cha mbele, juu katikati. Ukifika kwenye vizuizi tafuta njia yenye herufi t ya rangi ya chungwa. Nenda polepole, kisanduku kitalia, kizuizi kitainuka chenyewe. Hakuna tiketi, hakuna kuzunguka gari, hakuna honi.

Malori usiyapite. Lori linakwenda tisini, na wewe nenda tisini. Nani anakukimbiza? Kaa nyuma yake hadi Langres, mkila sandwichi zenu za mayai. Na kila mkisimama, kabla hujawasha gari vaa saa yako mkono wa kulia. Ikikuwasha utakumbuka. Mkiingia vijijini, gari linalotoka kulia kwako lina haki ya kupita kwanza hata kama ni trekta la Odile, na litakuwa trekta la Odile.

Mlete, Cliff. Mlete anione.

Ila iwe Mei. Isiwe Septemba. Usiniulize, njoo tu. Odile ameshatandika kitanda chenu.

Audrey


Skipton
18 Aprili 2023

Dada,

Salamu. Kisanduku kimefika salama. Nimekibandika na kukibandua mara kadhaa kujaribu. Tiketi za kivuko cha Dover nimezikata. Stika ninayo. Vipande vya taa nimebandika, na safari hii nadhani viko upande wake.

Lorraine nilipomwambia alilia kwenye simu, kisha akaniita mzee mwenye wazimu. Nikamwambia mama yake amekuwa akisubiri garini tangu vuli, na mimi nimekuwa nikimdanganya kila siku saa kumi. Akasema basi niwe nampigia simu kila tunaposimama.

Jambo moja. Umeandika kwamba Odile ndiye aliyetandika kitanda. Tangu lini wewe ukamwachia mtu mwingine aguse shuka zako? Na mwandiko wako unashuka kuelekea chini ya karatasi, zamani ulikuwa umenyooka kama reli. Umesema nisiulize, siulizi.

Tunakuja.

Clifford


Skipton
4 Juni 2023

Dada yangu mpendwa,

Tumefika salama, kama nilivyojaribu kumwambia Odile kwenye simu, kwa Kifaransa changu kibovu, akueleze. Nyumba nimeikuta na harufu ya kufungwa, na majani ya uwanja yamenifika magotini. Lorraine alikuwa ametuwekea supu kwenye friji. Noreen amelala vizuri. Jibini ulilotufungia limelinukisha gari zima na nililifurahia.

Kuna mambo sikukwambia nilipokuwa kwako, kwa kuwa Noreen alikuwa amekaa palepale na sikupenda kumsema mbele yake kama hayupo. Ngoja nikwambie sasa.

Tulipotoka Calais nilikuwa na saa mkono wa kulia. Tukafika kizuizi cha kwanza. Nikafuata herufi ya chungwa kama ulivyosema, kisanduku kikalia, kizuizi kikainuka, nikajisikia mjanja. Kisha nikamtazama. Noreen alikuwa ameshusha kioo na kutoa mkono nje. Hakuna aliyemwambia. Hata kukumbuka kwamba tumevuka bahari sidhani kama alikumbuka, lakini mkono ulikuwa nje, mahali pake hasa. Na mashine ikampita. Akaurudisha mkono ndani, akautazama, akasema, "Nimeiangusha."

Nikamwambia hujaangusha kitu, mpenzi. Hakunisikia. Akainama kutafuta chini ya miguu, akafungua mkoba, akatafuta mapajani, anasema nimeiangusha tiketi, Cliff atanikasirikia. Njia nzima hadi Reims. Pale Reims tena mkono nje, safari hii ameshika kadi ya benki, na kizuizi kikainuka bila yeye tena. Alilia, Dada. Alilia kama mtu aliyefukuzwa kazi.

Nikasimama kwenye kituo cha mapumziko. Nikakibandua kisanduku chako, nikakifunga kwenye karatasi ya alumini ya ile keki ya tangawizi ili kisisomeke, nikakitupa kwenye buti. Kizuizi kilichofuata nikaingia njia ya tiketi. Akashusha kioo, akavuta, akaichomeka nyuma ya kivuli cha jua, akapandisha kioo. Kisha akanigeukia akaniambia kwa sauti yake ya zamani kabisa, "Haya, usilale."

Nilishindwa kuendesha kwa muda. Nikajisogeza pembeni nikasingizia mkanda.

La pili utanitukana. Baada ya kutoka barabara kuu, tulipokaribia kwako, tukakuta lori la magogo. Nilikaa nyuma yake kwa utiifu wote uliouagiza. Noreen akaegemeza kichwa dirishani. Bado, akasema. Nikabaki nyuma. Bado. Kisha akasema, "Nyeupe."

Mimi sikuona kitu zaidi ya magogo. Nilijua kwamba mtu anayeniambia nipite hajui ni mwezi gani. Nilijua kila kitu ninachopaswa kujua. Nikapita.

Barabara ilikuwa tupu hadi mwisho wa macho. Sitafanya tena. Lakini nilifanya, na sijuti.

Na sasa wewe. Ulitufungulia mlango umeshika fimbo, umevaa sweta mbili katikati ya Mei. Umekonda, ukasema ni kwa kuwa umepunguza mkate. Yule bwana mwenye mkoba mweusi aliyekuja mara mbili ulisema ni rafiki wa Gaston, na rafiki wa Gaston akakufunga kitambaa cha kupima presha mkononi na kukusikiliza kifua. Nilikuwa pale kwenye ngazi. Tukala kuku tukazungumzia bei ya mafuta.

Kitu kilichonishinda ni ile siku ya pili jikoni. Ulikuwa umemshika Noreen mikono yote miwili, naye akakuuliza kwa adabu, kama anavyowauliza wageni, "Samahani mama, tunaenda lini kwa Audrey?" Nilitaka sakafu inimeze. Wewe hukutikisika hata kope. Ukamwambia Mei, mpenzi. Akakushukuru. Kisha ukaenda kuangalia kuku, na kuku walikuwa wameshalala.

Ana kwa ana nilishindwa, kwa hiyo nakuuliza kwa maandishi. Una muda gani, Dada?

Nimempa Noreen kalamu ya kijani. Cha hapa chini ni chake. Sijamshika mkono.

Clifford

*(Chini ya karatasi, kwa wino wa kijani, mstari mmoja umepinda kutoka kushoto hadi kulia na kutokea nje ya ukingo.)*


Courcelotte
17 Juni 2023

Mdogo wangu Clifford,

Odile ananishikia karatasi isitembee, kwa hiyo mwandiko ukikushinda mlaumu yeye. Joto limeingia. Kuku nimempa, amewapa majina mapya na wanaitika, wasaliti wakubwa.

Mstari wa Noreen nimeupata. Huo ni wake kweli. Unakwenda vizuri, unayumba, unatoka nje ya barabara, kama unavyoendesha wewe. Nimeuweka ukutani mbele ya kitanda.

Kwa lori la magogo, ulistahili makofi. Ningekuwa na nguvu ningekuja kukupiga. Kwa kisanduku, ulifanya sawa kukibandua. Mimi nilidhani shida yako ni kizuizi.

Sasa swali lako. Rafiki wa Gaston, umeshanikamata, aliniambia tangu Novemba kwamba nisipange kitu baada ya kiangazi. Ni mapafu. Nisingekuandikia hayo, kwa sababu ungekuja ukikimbia, na wewe ukikimbia unashika kushoto. Nilitaka mje polepole, nyuma ya malori, kama watu wanaokuja kutembea. Na mlikuja hivyo. Zilikuwa siku nzuri, Cliff. Niliogopa kwa miezi mingi, na siku zile sikuogopa.

Kuna jambo hukuliona siku mnaondoka, kwa kuwa ulikuwa unahangaika na vioo na kuhamisha saa yako mkono. Mimi nilisimama getini upande wa Noreen. Alishusha kioo, akatoa mkono nje, akangoja, kiganja juu, kama pale kwenye mashine. Sikuwa na tiketi. Sikuwa na kitu chochote mkononi ila hiyo fimbo. Nikampa mkono wangu. Akaushika, akaubana, akanitazama usoni kwa muda mrefu, akaniambia, "Merci." Kisha akauachia taratibu, akapandisha kioo, nikamsikia anakwambia kulia, Cliff.

Sijui alinijua au hakunijua. Nimelifikiria sana hapa kitandani, na nimeona naweza kuondoka bila kujua.

Usije mazishini. Nimeshapanga na padri, na Odile atalia kwa niaba ya Yorkshire nzima. Ukija peke yako, kiti cha kushoto kitakuwa kitupu na utajiua njiani. Ukija naye, atazunguka nyumba nzima ananitafuta, na wewe utakuwa huna la kumjibu. Baki naye. Kaeni kwenye gari saa kumi.

Na akikuuliza mnakuja lini kwangu, mwambie Mei.

Dada yako,
Audrey